Mrejesho: wikendi ya ghafla Alsace

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza tuende wapi na gari la kukodi kutoka Strasbourg, wikendi moja, bila kupanga lolote, tukiifuata barabara ya mvinyo ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, inayopita kwenye vijiji vya wakulima wa zabibu.

Aliyesema tusijaribu kuimaliza yote, kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim hadi Thann, Mungu ambariki. Tulilala Colmar, tukazunguka Eguisheim, Riquewihr na Kaysersberg tu. Eguisheim asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika, ni raha tupu: vichochoro vinakizunguka kijiji duara kwa duara, unajikuta umerudi ulikoanzia.

Ushauri wa kuonja mvinyo na kuutema niliufuata mimi dereva, maana kikomo cha pombe kwa dereva Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Wenzangu hawakutema kitu! Riesling yao, mvinyo mweupe, ni kavu kweli, yaani haina utamu; sisi wa mvinyo mtamu wa Dodoma tulikunja sura. Gewürztraminer, mvinyo mweupe mwingine ambao mara nyingi una utamu kidogo, ndiyo tuliyoielewa.

Kilichogoma ni Jumapili. Wakulima wengi wa mvinyo tuliowagongea walikuwa wamefunga, na ngome ya Haut-Koenigsbourg tuliiona kwa mbali tu, maegesho yalijaa. Chupa za kubeba nunueni Jumamosi. Asanteni sana, hasa dada uliyetuelekeza Colmar.