Naomba ushauri: baada ya kikokotoo cha JavaScript, lifuate zoezi gani?

Wakuu, habari za muda huu. Anayeanza JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti) kwa kuunda kikokotoo hukwama mapema sana: kisanduku cha fomu hurudisha maandishi hata ukiandika tarakimu, kwa hiyo 5 + 3 inatoa 53 mpaka kila thamani ipitishwe kwanza kwenye Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba. Tena kitufe kikiwa ndani ya fomu, ukurasa hujipakia upya na jibu linapotea. Dawa yake ni event.preventDefault(), inayozuia fomu kujituma yenyewe. Makosa ya aina hii yanafundisha kuliko kukariri, maana yanaonekana hapo hapo.

Sasa lifuate zoezi la orodha ya kazi inayohifadhiwa kwenye localStorage (hifadhi iliyo ndani ya kivinjari), au kuvuta data kutoka kwenye seva kwa fetch()? Naona fetch() ni mapema, kwani inadai kuelewa namna ya kusubiri jibu linalokuja baadaye, kwa await au .then(). Mnashaurije?