Hitimisho la insha ya kulinganisha: darasa zima limeandika sentensi moja!

Chaki_Kavu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, mikondo miwili. Wiki iliyopita niliwapa insha: linganisha na utofautishe Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Fasihi simulizi na fasihi andishi niliikwepa makusudi, ile wameshaikariri.

Kiini sina malalamiko. Yote ni maji baridi, yote yamepakana na nchi zaidi ya moja, Victoria lina kama kilomita za mraba 68,800, Tanganyika kama 32,900. Nikifika aya ya mwisho, daftari baada ya daftari: "Kwa kuhitimisha, maziwa haya yanafanana na kutofautiana kama nilivyoeleza hapo juu." Wengine wanaongeza, "Serikali haina budi kuyatunza." Sasa serikali imeingiaje hapa?

Nikawaambia wasirudie waliyokwisha kusema. Wakaanza kuniletea hoja mpya kwenye hitimisho. Wenzangu mnafanyaje?

Ngosha_wa_Ziwani
Wape maksi zao mkuu. Kwani wamedanganya? Si yanafanana na kutofautiana kweli? Hahaha.

MamaMadaftari
Pole mwalimu mwenzangu. Sisi ndio tuliowaambia hitimisho ni muhtasari, nao wametii.

Mimi ningeingia darasani na swali moja: lipi kubwa? Watasema Victoria, na kwa eneo wako sahihi, ni zaidi ya mara mbili. Halafu waulize kina. Victoria pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Tanganyika ni kama mita 1,470. Ukipima maji yenyewe, Tanganyika lina karibu mara saba ya Victoria. Hapo darasa litapiga kelele, waache kidogo. Kisha uliza kwa nini. Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa lenyewe, mkono wa magharibi. Victoria limetanda kwenye bonde la kina kifupi katikati ya mkono huo na ule wa mashariki.

Sasa waandike hitimisho: "Anayetazama ramani ataona Victoria ndilo kubwa, lakini anayeshusha kamba atasema Tanganyika, kwa kuwa moja limetanda juu ya ardhi na jingine limejaza ufa." Hakuna hoja mpya hapo. Eneo, kina na chanzo vyote vimeshatajwa kwenye kiini, kilichoongezeka ni kuviweka pamoja. Mwanafunzi ajiulize: nimeona nini baada ya kuyaweka haya mawili ubavu kwa ubavu, ambacho nisingekiona ningeyaeleza moja moja?

Kalamu_Nyekundu
Nakubaliana na Mama, ila tahadhari. Wakizoea swali la "lipi", watageuka Simba na Yanga. Niliwahi kusahihisha insha ya fasihi simulizi na andishi ikaisha na "kwa hiyo fasihi andishi ndiyo bora". Bora kwa nani? Niliwarudishia, nikawataka waseme kila moja inafaa wapi. Msimulizi akiona watoto wanasinzia anabadilisha hadithi palepale. Mwandishi hawaoni wasomaji wake, lakini maneno yake yanabaki yalivyo hata yeye akishazikwa. Hilo nalo ni hitimisho, na hakuna aliyeshindwa.

Jingine, muda. Kwenye mtihani hitimisho linaandikwa kengele ikikaribia. Wangu huandika sentensi ya mwisho kwa penseli kabla ya kuanza kiini. Ikibadilika njiani, wanafuta.

Mwalimu_wa_Zamu
Mimi nilipiga marufuku "kwa kuhitimisha" muhula mzima. Wakahamia "kwa kumalizia".

Chaki_Kavu
Mrejesho wakuu. Leo nimeingia na swali la Mama, kelele zimesikika mpaka ofisini, mwalimu wa taaluma akaja kuchungulia. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hata daftari hana, kaandika: "Mvuvi wa Mwanza na mvuvi wa Kigoma wote wanavua ziwani, lakini wakibadilishana kamba za nanga, mmoja atabaki na kamba nyingi mkononi na mwingine hatafika chini." Nimeisoma mara mbili mbele ya darasa.

Ya penseli nitaijaribu Alhamisi kwenye mkondo B. Na wale wa serikali bado wapo, kumi na moja nimewahesabu.