Je, ni chanjo au ni usafi uliopunguza surua na maradhi mengine ya watoto?

Mama Swafiya, Kisauni
Assalamu alaikum. Mwanangu ametimiza miaka miwili, na kijitabu cha kliniki kinaonyesha kuwa hajapata sindano ya pili ya surua. Mavyaa wangu, ambaye namheshimu na ndiye anayenisaidia kulea, anasema wanawe wote waliugua surua wakapona, na kwamba maradhi yamepungua kwa sababu siku hizi kuna maji safi na chakula bora. Naomba mwenye elimu anieleze hatari ilikuwaje kabla ya chanjo.

Muuguzi mstaafu, Likoni
Waalaikum salaam, mwanangu. Mavyaa wako hakukosea kutaja chakula na maji, kwani maji safi huzuia kipindupindu, na mtoto mwenye vitamini A ya kutosha huimudu surua vizuri zaidi. Lakini surua haipiti majini. Hupita hewani, na virusi vyake huweza kubaki chumbani hadi muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, ndiyo maana zamani karibu kila mtoto aliipata, wa tajiri na wa maskini. Kabla ya chanjo, iliyoanza kutumika mwaka 1963, kuenea, surua ilikuwa ikiua takriban watu milioni 2.6 duniani kila mwaka, wengi wao watoto, kwa nimonia, kuhara na uvimbe wa ubongo. Wengine walibaki vipofu. Nilipoanza kazi, mtoto wa surua tulimjua tangu mlangoni: macho mekundu yenye tongo, hataki mwanga, anakohoa, na vipele vimeanzia nyuma ya masikio.

Mwalimu wa biolojia, Tudor
Anayetaka kuona kazi ya chanjo ikitengwa na kazi ya usafi atazame jirani zetu wa Kilifi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria wa Hib, wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia, mwishoni mwa mwaka 2001. Watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa hospitalini Kilifi walikuta kwamba, katika miaka mitatu hivi, maradhi makali ya Hib kwa walio chini ya miaka mitano yalikuwa yamepungua kwa asilimia 88. Sioni jinsi mabomba na vyoo vingeweza kuleta badiliko hilo kwa muda mfupi namna hiyo, tena kwa bakteria anayepita kwa pumzi.

Mzee wa Kuze
Sisi wa Mji wa Kale tuliwaona watu walioachwa na mashimo usoni kwa ndui. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa mwambao huu huu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, Oktoba 1977. Hakuwa na kinga, na alipanda gari moja na wagonjwa kwa dakika chache tu kuwaelekeza njia. Alipona, watu waliomzunguka wakachanjwa, na Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa. Miaka ya baadaye mtu huyo huyo alizunguka Somalia akiwahimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio.

Mama Swafiya, Kisauni
Ahsanteni sana. Ile ya miezi tisa alidungwa. Kwa nini basi ya pili, na je, tumeshachelewa?

Muuguzi mstaafu, Likoni
Ya miezi tisa haishiki kwa wote: takriban watoto 15 kati ya 100 hawapati kinga, mara nyingi kwa sababu kinga waliyotoka nayo tumboni mwa mama bado inaizuia chanjo. Ya pili inawafikia hao. Hujachelewa, wala haanzi upya. Huenda akapata homa au vipele vichache baada ya wiki moja hivi, navyo huondoka vyenyewe. Katika vituo vya serikali hutozwi kitu, ila uliza kwanza siku ya chanjo ya surua, kwa kuwa kichupa kimoja kina dozi kumi, na kikishafunguliwa zinazobaki hutupwa baada ya muda wa saa sita, hivyo vituo vingine huwakusanya watoto siku moja.