Wauza TV wa Kampala mnatuibia: nimelipia Full HD, nimebebeshwa 768

Wadau, leo natema nyongo. Nilitaka skrini ya kuchezea gemu za zamani, basi. Zile za mashine za Super Nintendo na Mega Drive, kwa RetroArch, programu ya kuchezesha gemu za mashine za zamani, kwenye laptop yangu. Nikatoka Arua hadi Kampala, duka moja karibu na Old Taxi Park, nikamwambia muuzaji waziwazi kwamba nataka Full HD, yaani kioo cha pikseli (vidoti vya picha) 1920 kwa 1080. Akagonga boksi kwa kidole: "Boss, si hii hapa imeandikwa?" Kweli imeandikwa. Laki sita na nusu zikaondoka.

Nilifikia kwa shangazi Kisenyi, nikaijaribu usiku uleule. Kioo ni 1366 kwa 768! Yale maandishi ya boksi maana yake ni kwamba TV inapokea picha ya 1080, halafu inaibana iingie kwenye kioo chake kidogo. Mtu asiniambie nimekisia. Nilichora kwenye laptop mistari myeusi na myeupe, kila mmoja unene wa pikseli moja, nikaituma kwa 1920 kwa 1080. Kioo cha Full HD cha kweli kingeionyesha mmoja mmoja. Changu kilionyesha uji wa kijivu.

Kurudi dukani, eti ni waya. Tukabadilisha waya palepale kaunta, hali ni ileile. Eti ni laptop. Mwisho akanigeuzia risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Na mteja mwingine kasimama pembeni anauziwa boksi lilelile, kwa maneno yaleyale.

Najua kuna wajuaji watakaosema picha ya gemu zenyewe ni mistari 240 tu toka juu hadi chini, hiyo 768 ya kioo inakutosha. Hapo ndipo ninapochemka zaidi, kwa sababu ni kweli ingetosha! 240 mara 3 ni 720. Ningebakiwa na mistari 24 myeusi juu na 24 chini, na kila mstari wa gemu ungekaa sawa. Lakini TV hii haipokei 768 kwa waya wa HDMI. Ni 720 au 1080 tu. Ukiipa 720 inaivuta ijaze kioo, kila mistari 15 inafanywa 16, na kwenye rimoti hakuna pa kuizuia. Mwangalie Mario akiruka: ukingo wa kofia yake unanenepa, unakonda, unanenepa tena. Ukiipa 1080 ndiyo balaa, maana 1080 ni 240 mara nne na nusu, na hiyo nusu ya pikseli utaichora wapi?

Bado kuchelewa. Gemu hizi zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha milisekunde 16 na kitu. TV inayokaa "kuipamba" picha kwanza inakula picha kadhaa kabla hujaona kitu, na hii haina hata hali ya gemu, ile ya kuzima mapambo, kwenye menyu. Nabonyeza kuruka, Mario keshaingia shimoni.

Na nyie mnaomjibu kila mtu "nunua inchi kubwa", mnachangia wizi huu. Inchi hazihusiki. Angalieni mistari inavyogawanyika kwa 240: 1440 ni mara 6, 2160 ya 4K ni mara 9, safi kabisa. Ile monita ya ofisi ya zamani ya 1600 kwa 1200 ni mara 5 kamili, tena umbo lake ni nne kwa tatu kama gemu zenyewe, hakuna Sonic, yule nungunungu wa Mega Drive, aliyevutwa akanenepa kama katoka harusini. Hata zile za 1280 kwa 1024 zinazotupwa na maofisi zinafaa: weka mara 4, unapata 1280 kwa 960, mistari 32 inabaki myeusi juu na 32 chini.

Watu wa TV za chogo, nawaheshimu. Maporomoko ya maji kwenye Sonic yalichorwa kwa michirizi, waya wa AV ndio uliokuwa unaichanganya yaonekane kama maji kweli. Bastola ya Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, nayo haifanyi kazi kwenye flati. Lakini laptop yangu ina HDMI tu, na vile viboksi vya bei rahisi vya kugeuza HDMI kuwa AV havitoi 240 ya asili, vinatoa picha ya kupishanisha mistari inayotetemeka. Na nani atanipakilia chogo kwenye basi hadi Arua?

Kwa hiyo mwenye monita ya 1600 kwa 1200, Kampala, Gulu au Arua, aniandikie inbox na bei. Atume picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba ya modeli. Picha ya boksi sitaki kuiona.