Kishikwambi kinaunga waifai lakini hakifungui kitu, naombeni ushauri (Uyole, Mbeya)

MamaWawili_Uyole
Heshima kwenu wakuu. Binti yangu yuko kidato cha pili, mwisho wa mwaka ana mtihani wa taifa. Nilimnunulia kishikwambi cha mtumba Mwanjelwa, na notsi zake zote zimo humo.

Simu yangu mpya nikiwasha hotspoti, kishikwambi hakiioni. Kinaorodhesha waifai za majirani, mpaka ya duka la ng'ambo ya barabara, ila yangu haimo. Nikaazima simu ya zamani ya mdogo wangu. Hiyo kikaiona, nywila ikakubali, kikaandika kimeunganishwa. Lakini kila tovuti inaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Simu ya shemeji ikiunga hotspoti hiyohiyo inaperuzi vizuri, kwa hiyo bando lipo. Fundi mmoja anataka elfu thelathini abadilishe chipu ya waifai. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Kipunji_Rungwe
Pole dada. Kifomati tu, changu kilipona hivyo.

FundiWaIlomba
Dada, usifomati, notsi za mtoto zitafutika. Na hiyo elfu thelathini ibaki mfukoni. Chipu iliyokufa haioni waifai ya dukani, na yako inaiona. Una matatizo mawili yaliyokutana.

La kwanza: simu mpya nyingi zinaweza kurusha hotspoti kwa gigahezi 5, na vishikwambi vingi vya bei nafuu vinapokea gigahezi 2.4 peke yake. Ni sawa na redio ya AM tupu: hata uilaze chini ya mnara wa FM haitashika kitu. Ingia setingi za hotspoti kwenye simu yako, tafuta palipoandikwa bendi, weka 2.4. Spidi itapungua kidogo, ila kwa kusoma inatosha kabisa, tena 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi.

La pili ni hilo onyo. Hebu niambie, kishikwambi kinaonyesha tarehe gani?

MamaWawili_Uyole
Nimekwenda kutazama. Kimeandika Machi 2031! Na saa inasema saa mbili asubuhi, wakati hapa giza linaingia.

FundiWaIlomba
Basi tumempata mwizi. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kishikwambi kinaamini tuko 2031, kwa hiyo kila cheti kinachokiona kimeshaisha muda, kinakataa kufungua. Kinajaribu kukulinda. Weka tarehe ya leo kwa mkono, chagua saa za Afrika Mashariki, kisha washa tarehe na saa ya otomatiki. Halafu waulize watoto, taratibu bila ukali. Wengi husogeza tarehe mbele ili gemu iwape maisha mapya bila kusubiri.

Mnyalukolo_Mafinga
Naunga mkono. Mimi ni mwalimu, nina kimoja cha vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022. Kuna likizo nilikiacha kabatini, betri ikaisha kabisa, nilipokiwasha tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka. Onyo lilikuwa hilohilo.

Dada, niongeze moja kwa sababu unatumia bando. Kishikwambi kikiunga waifai hudhani intaneti ni ya bure, kinaanza kupakua masasisho chinichini. Mimi GB mbili ziliyeyuka usiku mmoja. Gusa jina la hotspoti yako kwenye orodha ya waifai, tafuta sehemu ya matumizi ya data, chagua kwamba mtandao huu unalipiwa. Na kama baada ya kubadili bendi bado kinasumbua, kiambie kisahau mtandao huo, kisha uingize nywila upya.

MamaWawili_Uyole
Wakuu, Mungu awabariki. Nilipoweka 2.4 jina la hotspoti yangu likajitokeza juu kabisa. Tarehe nimerekebisha, onyo limepotea, na ya Mnyalukolo nimeifanya pia. Aliyesogeza tarehe ni mdogo wa binti yangu, wa miaka saba, kakiri mwenyewe akiwa amejificha nyuma ya pazia. Sikumgombeza.

Ila chumba cha nyuma mawimbi bado ni hafifu, kuta zetu ni za matofali ya kuchoma. Kwa sasa simu nimeiweka kwenye kizingiti cha mlango, na dada mtu anapakua mitihani ya Hisabati ya miaka iliyopita. Amefika wa tatu.