Mjadala: Shamba la umwagiliaji na malisho likiuzwa zima, maji na njia ya ng'ombe vinabaki kwa nani?

Mleta mada (Chamwino)

Habari za jioni wadau, na mbukwenyi kwa wa nyumbani.

Huku kwetu kuna shamba kubwa linatafutiwa mnunuzi. Jina siweki, majirani watalijua tu. Upande mmoja ni zabibu kwa umwagiliaji wa matone na mahindi ya kiangazi, maji yanatoka visima virefu vinne. Ng'ambo ya korongo kuna malisho, josho na lambo. Mzee mwenye shamba amechoka, watoto wako Dar na hawataki kusikia habari ya jembe, kwa hiyo anataka kuuza vyote kwa mkupuo mmoja. Dalali ameshafika mpaka kijiwe cha kahawa. Wapo wanaotaka likatwe vipande vijana wapate, na wapo wanaosema likikatwa limekufa. Wote wanasubiri mkutano mkuu wa kijiji uamue.

Mimi naona wote wanahesabu kitu kisicho na thamani, yaani ekari. Dodoma mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, inaanza Desemba na Aprili imeshaaga. Ekari mia zisizo na maji mwezi wa Septemba unaweza kuziacha wazi usiku kucha, hakuna wa kuziiba. Anayenunua shamba hili ananunua visima vinne na lambo moja. Ekari ni kifungashio.

Nimesoma habari za Australia, ambako kuuza mashamba ya namna hii kwa mafungu ni biashara iliyozoeleka. S. Kidman & Co ilipoingia sokoni 2015 ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 100,000 za ranchi za ng'ombe, mkoa wetu mzima unaingia humo mara mbili na chenji inabaki. Serikali yao iliwazuia wageni kuichukua, ikawazuia tena. Shamba la Anna Creek likachomolewa likauzwa peke yake kwa wafugaji wa hukohuko, maana sehemu yake imo ndani ya eneo la majaribio ya silaha la Woomera. Lililobaki likaenda Desemba 2016 kwa kampuni ya Gina Rinehart, tajiri wa madini wa hukohuko, theluthi ikiwa ya Wachina wa Shanghai CRED, kwa dola za Australia milioni 386.5. Mwaka mzima na ushee watu wanagombana "nani anunue".

Lakini wale wana kitu sisi hatuna. Kule bonde la Murray-Darling haki ya maji imetenganishwa na ardhi. Mtu anauza shamba anabaki na maji, au ananunua maji bila kuwa na hata kiganja cha udongo. Sipendi mfumo huo (maji yakiwa bidhaa, mwenye mfuko mnene ndiye anayekunywa kwanza), ila angalau kila mtu anajua maji yako mkononi mwa nani. Hapa maji ni ya umma na mtu ana kibali tu cha kuyatumia. Sasa mbona dalali ametaja bei, mipaka, nyumba ya msimamizi na hata trekta bovu, kibali cha maji hajakitaja?

Fundi visima (Ihumwa)

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuletewa bili ya umeme wa pampu. Visima vinne vinamwaga kwenye tangi moja, tangi linatoa bomba kuu moja. Kata shamba vipande ishirini, bomba litabaki lilelile moja lakini litakuwa na mabosi ishirini. Nilishaitwa kwenye skimu moja, mota imeungua mwezi wa nane, nyanya ziko kwenye maua. Kamati ikakaa vikao vitatu kuhusu nani achange. Nyanya zilikufa kikao cha pili, cha tatu kilikuwa cha kumtafuta mchawi.

Tajiri mmoja mota ikiungua anapiga simu, kesho nipo na winchi. Liuzwe zima.

Kijana wa Mvumi

Niseme ukweli wangu hata kama mtanicheka. Mkinipa ekari mbili za pale nitamuuzia huyohuyo tajiri, ninunue bodaboda. Na wenzangu wengi hapa wanajifanya hawanijui.

Mtu wa Kongwa

Fundi, usiifanye pesa kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kwetu waliwahi kuja wenye pesa kuliko tajiri wako. Waingereza 1947 walishusha matrekta Kongwa kulima karanga, mpango ni mamilioni ya ekari ukijumlisha Urambo na Nachingwea. Udongo wetu mvua ikikata unakuwa kama saruji, karanga yenyewe haing'oki. Mibuyu ikavunja vyuma vyao. Januari 1951 wakatangaza kushindwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimeliwa na mavumbi. Kilichokuja kukubali pale ni ng'ombe: leo kuna ranchi ya NARCO, kampuni ya ranchi ya serikali, hekta kama 38,000. Kwa hiyo huyo mnunuzi mpya, kabla hamjamshangilia, mwulizeni kama malisho atayaacha malisho au anataka kuyageuza yote kuwa mahindi.

Mfugaji (Bahi)

Shikamooni wakubwa.

Mimi nina ng'ombe na ndugu zangu wako jirani na hilo shamba, nimeshalijua. Lambo lile kuanzia Agosti linanywesha ng'ombe wa vijiji vitatu. Wanapita pembeni mwa korongo, wanakunywa, wanarudi. Mzee aliruhusu tangu baba zetu wakiwa hai, na hakuna karatasi. Alikuwa akisema ng'ombe wa jirani akifa kiu, harufu inakuja kwangu. Mnunuzi mpya atakuta waya umechakaa, ataweka mpya, atafunga geti, na kwa karatasi alizonazo atakuwa na haki. Habari ya kukata au kutokata haituhusu sana. Tunauliza geti.

Aliyekulia Mbarali, sasa niko Area C

Kaka wa Bahi, afadhali wewe una wasiwasi wa geti. Shamba la mpunga la Kapunga, lile la iliyokuwa NAFCO, shirika la kilimo la serikali, lilipouzwa 2006 hekta zilizoandikwa zikawa nyingi kuliko shamba lenyewe. Hekta 1,870 za kijiji zikajikuta ndani ya hati ya mwekezaji. Watu wamelala wenyeji, wameamka wavamizi. Ilichukua miaka ya kelele, ikafika mpaka kwa Rais. Na kule maji yalikuwepo, mifereji imejaa! Hayo maji ndiyo yanayotakiwa kushuka Ruaha Mkuu mpaka Mtera, na mto wenyewe tangu miaka ya tisini unakauka kila kiangazi, kwa hiyo msiseme ya Mbarali hayawahusu.

Ushauri wangu mfupi: msiangalie ramani ya dalali. Tembeeni kwenye bikoni za mpaka kwa miguu, moja baada ya nyingine, na wazee wawepo.

Wakili wa kijiweni

Naona mnasubiri mkutano mkuu wa kijiji kama vile ndio utakaoamua. Shamba lenye hati ni ardhi ya jumla, kijiji hakina kura. Mkutano mkuu una nguvu pale ardhi ya kijiji inapohamishwa: hekta 250 kushuka chini wenyewe wanakubali au wanakataa, zikizidi hapo uamuzi unapanda kwa waziri baada ya kupata maoni yao. Hapa haipo.

Pili, ardhi ni ya umma. Mnunuzi anachukua miaka iliyobaki kwenye hati pamoja na masharti yake. Hati ya miaka 33 iliyokwisha kula 25 inamwachia minane, na bei iakisi hiyo minane. Akiwa si raia, ardhi hapewi ila kwa uwekezaji.

Tatu, maji. Sheria Na. 11 ya 2009, kibali kinatoka bodi ya bonde, na kinaandikwa kiasi na matumizi. Mjue kwanza mlango wa kubisha, maana Dodoma imegawanyika: maji ya Kinyasungwe ni Wami/Ruvu, ya upande wa Mtera ni Rufiji, ya Bahi ni Bonde la Kati.

Nne, na hili ndilo linalomfaa mfugaji. Haki ya kupita kwenye shamba la mwingine inaweza kuandikwa na kusajiliwa kwenye hati, na ikishasajiliwa inamfuata kila anayenunua. Anayeweza kuitoa bila ugomvi ni mwenye shamba wa sasa. Akishasaini mauzo, mtakuwa mnamwomba mtu msiyemjua.

Mleta mada

Wakili, umenisaidia kuliko vikao vyote vya hapa. Fundi naye nimemwelewa, habari ya kukata vipande naiacha, bomba moja haliwezi kuwa na mabosi ishirini.

Nimemwona mzee jana baada ya ibada. Kibali cha maji anacho cha visima viwili tu. Viwili vingine alichimba mwenyewe ule mwaka wa ukame na hakwenda popote. Dalali alikuwepo, akatazama chini. Kwa hiyo bei inayotembea kijiweni ni ya visima vinne na karatasi ni za viwili.

Njia ya ng'ombe amekubali kuiandika kabla ya kuuza. Lambo lenyewe amesema anafikiria, na sikumsukuma, mzee ana miaka themanini. Ameuliza upana wa njia uwe hatua ngapi, sikuwa na jibu.

Mfugaji (Bahi)

Mwambie thelathini. Kwenda wanatembea mstari, wana kiu. Kurudi wameshiba maji, kila mmoja anakwenda anakotaka.