Difu ya 4.30, 4.10 au 3.636 kwenye Eunos Roadster: ipi inachomoka vizuri?

MwanaTanga
Wakuu habari za jioni. Niko Birmingham huku, nina Eunos Roadster ya 1990, ile Mazda MX-5 ya kwanza iliyokuja kutoka Japani, injini 1.6, gia tano, uzito kama kilo 940 tu. Difu (gia za ekseli ya nyuma; namba yake ni mara ngapi propela shafti inazunguka kwa mzunguko mmoja wa tairi) imeanza kulia, na LSD yake, kile kifaa cha kuzuia tairi moja isizunguke bure, ile ya mafuta mazito imechoka kabisa, nikitoka kwenye kona tairi moja ya nyuma inazunguka bure. Kwa hiyo nabadilisha. Machaguo matatu: nitafute 4.30 nyingine kama hii, nichukue 4.10 ya MX-5 ya injini 1.8 yenye Torsen (LSD ya gia), au niingie gharama nifunge giaboksi ya gia sita ya NB, yaani MX-5 ya kizazi cha pili, na difu ya 3.636. Kila siku napita motowei kwenda kazini, halafu mara mojamoja naenda kuzungusha uwanja wa mbio wa Mallory Park. Nataka gari inayochomoka, ila na masikio yangu nayapenda.

FundiKariakoo
Mkuu usijisumbue, 4.30. Namba ikiwa kubwa difu ni fupi, na difu fupi ndiyo inavuta. Hiyo injini ina torki ya Nm 136 hivi, si nyingi, lazima isaidiwe. Ukigawa 4.30 kwa 4.10 unapata asilimia 4.9 zaidi ya nguvu kwenye tairi kwa kila gia, bure kabisa bila kugusa injini. Ukilinganisha na 3.636 ni asilimia 18, hiyo hata abiria anaisikia.

BintiLikoni
Kaka FundiKariakoo nakuheshimu ila hiyo hesabu ni nusu tu. Asilimia 4.9 unaipata mkiwa kwenye gia ileile na raundi zilezile, lakini difu fupi inakufanya ubadili gia mapema, na ukishabadili umeirudisha yote uliyopata na zaidi.

Nimepiga hesabu kwa tairi zake za 185/60 R14, mzunguko wake ni kama mita 1.81. Gia ya pili ni 1.888. Ukikata kwenye raundi 7,000, na 4.30 unaishia karibu kilomita 94 kwa saa, na 4.10 unafika 98.5, na 3.636 unafika 111. Sasa hao Waingereza wanapima 0 hadi maili 60, yaani kilomita 96.6, angalia ilivyokaa: mwenye 4.30 lazima aingie ya tatu kwa ajili ya kilomita mbili na nusu za mwisho, raundi zinaanguka hadi 4,930 hivi, na mwenye 4.10 bado yuko ya pili anavuta. Pale katikati yule wa 4.10 ndiye anayezidisha torki zaidi, gia mara difu ni 7.74 dhidi ya 5.72, ni asilimia 35. Ukiongeza na muda mguu ulipokuwa kwenye klachi, anayeonekana ana difu ya uvivu anaweza kufika wa kwanza.

Na kuna kitu watu wanasahau, injini inabidi ijizungushe yenyewe pia. Mzigo wa flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, unakua kwa mraba wa uwiano, kwa hiyo hiyo asilimia 4.9 yako inakuja na asilimia 10 ya mzigo wa flaiwili juu yake. Gia ya kwanza kwenye gari la kilo 940 hilo si jambo dogo, sehemu ya faida inaliwa palepale. Kwenye lori ingekuwa haionekani.

Msee_wa_Ngong
Hapo dada umenena. Lakini mimi niko Nairobi na hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi, so huku difu fupi ina maana zaidi kuliko hapo Birmingham, gari isipokaa kwa raundi za juu inakuwa imelala tu. Hata Toyota wenyewe walibadilisha difu ya gari lao dogo la michezo, 86 ya gia za mkono ya soko la Marekani, mwaka 2017 kutoka 4.1 kwenda 4.3, kwa hivyo si uwongo wa mafundi, inasaidia ukitoka kwa kona na hutaki kushuka gia.

BintiLikoni
Sijasema haisaidii. Nasema inasaidia pale ambapo ungekuwa chini ya raundi zenye nguvu. Kwa mwendo fulani kinachokusukuma ni hospawa ulizonazo wakati huo, difu inaamua tu injini iko wapi kwenye raundi zake.

Abu_Maskati
Assalam aleikum. Naomba niitetee 3.636 maana nimeona imetupwa pembeni kama haina mwenyewe. Nilikuwa nayo kwenye NB. Msisome difu peke yake, zidisheni na giaboksi. Gia sita ya NB ya kwanza yake ni 3.760, mara 3.636 ni 13.67. Gia tano ya kaka yetu ni 3.136 mara 4.30, ni 13.48. Yaani kwenye kwanza ya 3.636 ni fupi kuliko yake! Ya pili hivyohivyo, 8.25 kwa 8.12. Halafu gia zimekaa karibukaribu, raundi hazianguki sana ukibadili, na ya sita unapumzika. Ukitaka ushahidi zaidi angalia ND, yaani MX-5 ya kizazi cha nne, difu yake ni 2.866, mtu akisikia anacheka, kumbe gia yake ya kwanza ni 5.087, ukizidisha unapata 14.58, na ya sita ni moja kwa moja bila kupunguza. Kosa ni kuchukua hiyo 3.636 ukaifunga na gia tano, hapo utalia. Na kosa lingine ni gia sita na 4.30, kwanza inakuwa 16.17, hujaachia klachi vizuri unatakiwa ubadili.

FundiKariakoo
Sheikh hapo umenifundisha, sikuwahi kuzidisha na gia sita. Ila giaboksi ni gharama na kazi, na kaka shida yake ya kwanza ni tairi kuzunguka bure. Nguvu isiyofika barabarani ina faida gani? Narudi nyuma, achukue Torsen ya 4.10.

MwanaTanga
Nashukuru sana wote. Motowei je, na spidomita haitadanganya? Yangu ni ya kebo.

BintiLikoni
Kwa kilomita 112 ukiwa ya tano sasa hivi uko raundi 3,600, na 4.10 utakuwa 3,440. Usitegemee kimya kikubwa. Spidomita itadanganya, kebo inatoka kwenye giaboksi, na 4.10 itasoma pungufu kwa karibu asilimia 5. Ukiiona 107 wewe uko 112, na kamera hazijui hadithi ya difu. Kuna kagia kadogo ka plastiki kwenye giaboksi, unabadilisha kwa kenye meno yanayofaa.

FundiKariakoo
Na usikubali kuuziwa difu peke yake. Ya 1.8 ni kubwa kuliko ya 1.6, chukua na hafu shafti zake mbili na propela shafti kutoka gari hilohilo. Na mtu asiifungue krauni na pinioni, zile gia mbili kubwa za ndani ya difu, kama hana geji ya kupimia, mimi niliwahi kuipeleka sehemu wakaikaza kwa kukisia, ikalia kama jenereta hadi nikaitoa.

MwanaTanga
Basi ni 4.10. Kuna jamaa anavunja 1.8 ya 1995, seti yote ipo na shafti zake. Naenda Jumamosi, nitaizungusha kwa mkono kwanza kabla sijatoa hela.